Jina la babu halimo kwenye sensa: pa kumtafuta ukiwa mbali na Tanga

Kila likizo ikikaribia napata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nakwenda Tanga wiki mbili, nataka kumtafuta babu yake babu kwenye sensa ya Mwingereza. Ofisi iko wapi?" Simlaumu anayeuliza. Huku ugenini tunawaona wenzetu Waingereza wakiandika jina la ukoo kwenye kompyuta, mara imetoka sensa ya 1881: mtaa, nyumba, mke, watoto sita, kazi fundi viatu. Tunadhani na sisi tunayo kama hiyo, imefungiwa kabatini mahali.

Hatunayo. Sensa za Tanganyika za 1921 na 1931 zilimhesabu Mwafrika bila kumwandika. Hesabu zilipita kwa majumbe na wakubwa wa wilaya: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, kabila gani. Zilizopanda juu zilikuwa jumla. Ile ya 1931 ilitoa Waafrika zaidi ya milioni 5, na babu yako yumo, ila yumo kama punje ndani ya gunia. Za 1948 na 1957 zilifanywa kwa ufundi zaidi, lakini utakachosoma leo ni majedwali ya wilaya na makabila. Kuanzia 1967, sensa ya kwanza baada ya uhuru, majibu ya kila kaya ni siri kisheria, kwa hiyo usiende kumsumbua karani wa takwimu akufungulie dodoso la bibi yako.

Serikali ya kikoloni haikuwa na haja na jina la mtu mpaka imdai kitu. Basi mtafute babu pale alipodaiwa, alipoajiriwa, alipobatizwa, au alipokwenda barazani kwa liwali kugombea minazi. Ila kabla ya hapo, piga simu nyumbani.

Mimi nilianza na shangazi yangu, anakaa Tanga mjini, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuuliza miaka. "Shikamoo shangazi. Babu alizaliwa mwaka gani?" "Marahaba. Mwaka nitaujua mimi? Niulize kulikuwa na nini." Nikamuuliza kulikuwa na nini. Akasema mama yake alikuwa akiwahadithia kwamba babu alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi siku nyuki walipowafukuza askari. Hiyo ni Novemba 1914, Waingereza walipowashusha askari wao wa Kihindi pale Tanga na Wajerumani wakawarudisha baharini. Nyuki nao walikuwamo vitani, na habari yao ipo mpaka kwenye vitabu vya Wazungu. Mtoto wa kuchunga mbuzi ana miaka saba, nane, kumi. Nimeshapata mwaka wa kuzaliwa, na sijagusa ofisi yoyote. Kwa hiyo uliza kwa matukio: nzige, njaa, reli ilipofika, mwaka mnazi fulani ulipopandwa. Na urekodi sauti, kwa ruhusa yake. Usiandike tu, maana jina utakalolisikia leo utalisikia vingine baada ya miezi sita.

Kitu cha pili niliomba karatasi ya khitma. Wengi wetu wa pwani tunayo nyumbani bila kuithamini: ile orodha ya marehemu anayopewa mwalimu mwezi wa Shaaban ukikaribia kwisha, ili wasomewe. Inanakiliwa kizazi hadi kizazi, herufi za Kiarabu zikageuka za Kizungu njiani. Shangazi akaipiga picha akanitumia. Majina ishirini na mbili. La kumi na tisa, Mabruki, halikuwa na "bin" wala "binti" mbele yake. Nikamuuliza ni nani. Kimya, kisha ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Huyo ni mtu wetu. Tutazungumza ukija."

Ukikutana na kimya cha namna hiyo, usikivunje kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka: majina haya walipewa sana watumwa pwani, ingawa si kila aliyeitwa hivyo alikuwa mtumwa. Nyumba nyingi za Tanga, Pangani na Bagamoyo zina mtu ambaye "alipotea" kwa sababu wazee waliamua apotee, na waliamua hivyo kwa kumsitiri. Nenda ukakae naye barazani, kahawa iletwe, ngoja.

Kuhusu utumwa, maandishi yapo, tena mengine yana majina. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru, moja moja, kwa aliyejikomboa au kukombolewa, na kwa sheria yao watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya 1905 wakahesabiwa huru. Hati hiyo waliiita Freibrief, na kuna koo zilizoihifadhi sandukuni. Mwingereza ndiye aliyeufuta kabisa Tanganyika, 1922. Unguja ulifutwa mapema zaidi, 1897, na kama ukoo wako ulivuka bahari, Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani ni lazima upite.

Wa Bagamoyo wana bahati yao. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani, na misheni hutunza madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo. Kama wa kwenu alipita hapo, usitafute jina la nyumbani. Tafuta la ubatizo, kisha uangalie kama wameandika kabila au alikotoka. Jiandae na Kilatini: filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, obiit amefariki. Mwandikie paroko barua ya heshima miezi miwili kabla, na usimtokee mlangoni Jumamosi ukiwa na begi mgongoni. Kwa upande wa Tanga, wa Muheza na Korogwe waulizie Magila, kwa Waanglikana waliotoka UMCA, misheni ya Waingereza. Wa Usambaa waliokuwa Walutheri wakumbuke kwamba misheni ya Bethel ilitoka Ujerumani, na nyaraka zake ziko Wuppertal. Unayeishi Ujerumani, huna haja ya ndege.

Kama babu alikuja Tanga kwa mkonge, hapo uliza kipande. Manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, walitoka Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi, Msumbiji, na kila mmoja alikuwa na kadi yenye visanduku 30, siku moja ya kazi kisanduku kimoja. Jina lililoandikwa juu si lazima liwe lake la kwao. Wengine walijiandikisha upya walipofika, wengine karani aliandika alivyosikia.

Na karani alisikia vibaya. Katika karatasi za Kijerumani Bagamoyo ni Bagamojo, Chole ni Tschole, Uzaramo ni Usaramo, Uzigua ni Useguha. Z inakuwa S, Y inakuwa J, CH inakuwa TSCH. Andika jina la babu yako kwa namna zote unazoweza kuzifikiria kabla hujafungua faili. Wanawake ndio mtihani hasa: mara nyingi utakuta "binti Hamisi" basi, jina lake mwenyewe halipo, kana kwamba Hamisi ndiye aliyezaa.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Huko kuna majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, pamoja na vitabu vya wilaya, ambavyo vinataja majumbe, maakida, koo na mipaka. Mwenye pasipoti ya nje ashughulikie mapema kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia; wiki mbili za likizo hazitoshi kukisubiri. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, yale yenye alama R 1001, yanasomeka mtandaoni bila malipo kupitia hifadhi ya taifa ya huko, Bundesarchiv, ila ni barua za wakubwa, na nyingi ni za mwandiko wa zamani ambao hata kijana wa Kijerumani hausomi. Karatasi za mirathi mahakamani nazo zina faida, kwa sababu warithi wote hutajwa. Katika ofisi moja niliambiwa nije kesho kwa siku tano, ya sita nikaambiwa jalada limeliwa na mchwa. Weka siku za ziada.

Jalada lile lingenisaidia nini sijui, maana nilichokuwa nakitafuta kilikuwa Ngamiani. Baada ya kahawa ya pili shangazi alivuta kisanduku cha bati kutoka uvunguni, akatoa kitambaa, ndani yake stakabadhi ya kodi, karatasi laini kama jani la mgomba lililokauka. Shilingi zilizolipwa, mhuri, jina la jumbe, na la mlipaji: babu, bin Mabruki. "Ndiyo huyo," akasema. "Ndiye aliyemlea baba yetu." Akanieleza yote, ambayo sitayaandika hapa.

Niliipiga picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani, bila flashi, nikaandika nyuma ya bahasha mpya tarehe na jina la aliyenionyesha. Karatasi yenyewe imerudi kwenye kitambaa chake, chini ya kitanda cha shangazi.