Jinsi ya Kusoma Magofu ya Makanisa ya Kale ya Ayalandi

Wakatoliki wengi wa Uganda wanamfahamu Mama Kevina, mtawa wa Kiayalandi aliyefika Nsambya, Kampala, mwaka 1903, lakini ni wachache wanaojua kwamba katika kaunti ya Wicklow, alikozaliwa mwaka 1875, kuna bonde la Glendalough, ambako Mtakatifu Kevin alianzisha monasteri katika karne ya 6. Magofu ya bonde hilo yanafaa sana kwa mwanafunzi au hujaji anayetaka kujifunza kuyasoma makanisa ya kale ya Ayalandi, hata akiwa bado Kampala na picha tu mbele yake.

Kabla ya kulitazama kanisa lenyewe, tazama ardhi, na kwa kazi hiyo picha za setilaiti zinatosha. Monasteri ilizungushiwa boma la udongo au la mawe, mara nyingi la mviringo, na aliyewahi kutembelea mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi, nchini Uganda, hatapata shida kulitambua. Kule Nendrum, kaunti ya Down, kuna kuta tatu, moja ndani ya nyingine. Mahali ambapo boma limetoweka, fuatisha barabara au ukuta wa makaburi unaopinda bila sababu ya wazi, kwa kuwa huenda unafuata mpaka wa zamani.

Kisha nenda upande wa magharibi, penye mlango. Katika kanisa la zamani zaidi, mlango hauna tao: juu yake limelazwa jiwe moja kubwa kama linta, na miimo yake huinama kidogo, hivyo mlango huwa mpana chini kuliko juu. Ukisimama hapo, chungulia pembe za jengo. Mara nyingi kuta mbili ndefu zimesogea mbele kupita ukuta wa mlango, na wataalamu wengi huona kwamba vichomozo hivyo vilibeba mbao za ukingo wa paa. Ndani kulikuwa na chumba kimoja tu, chenye dirisha dogo upande wa mashariki, juu ya altare. Tao la nusu duara lililochongwa nakshi ni dalili ya karne ya 12.

Usiharakishe kuyapa mawe umri wa mtakatifu. Makanisa ya mwanzo yalijengwa hasa kwa mbao, na mbao huoza. Ujenzi wa mawe ulienea baadaye, na kanisa kuu la Clonmacnoise, la mwaka 909, ni miongoni mwa makubwa ya awali. Kevin, ambaye kwa mapokeo alifariki mwaka 618, hakuziona kuta zinazosimama Glendalough leo, ingawa wageni wengi hupenda kuamini hivyo.

Kazi yenye faida kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kutafuta mahali mawe yanapobadilika. Katika kanisa kuu la Glendalough, mawe makubwa ya sehemu ya chini, hadi kimo cha mlango wa magharibi, yalitolewa katika kanisa dogo lililotangulia, ilhali sehemu ya altare iliongezwa mwishoni mwa karne ya 12 au mwanzoni mwa ile ya 13. Ukuta ulioongezwa kwa kawaida huegemezwa tu kwenye ule wa zamani bila mawe yake kusukwa pamoja, na mstari wa kiungo huonekana wazi jua linapomulika kwa ubavu.

Mnara wa mviringo ulio karibu, wenye kimo cha takriban mita 30 na mlango ulio mita 3.5 hivi juu ya ardhi, ulikuwa wa kengele. Paa lake lilijengwa upya mwaka 1876 kwa mawe yake ya asili, kwa hiyo uliza kwanza kuhusu ukarabati kabla ya kukadiria umri wa chochote.

Ukifika mwenyewe, usikwangue kuvu wala kupaka chaki ili maandishi yasomeke. Mulika tochi kutoka pembeni. Acha kifaa cha kutafutia metali nyumbani, kwani kukitumia huko bila kibali ni kosa la jinai.