Jinsi ya Kuipokea Sikukuu ya Kwanza Mtoto Akiwa Mchanga na Babu Akiwa Ameshatangulia

Kuna mwaka ambao familia huzika na kuzaa. Babu anafariki, miezi michache baadaye mjukuu anazaliwa, kisha sikukuu inakaribia na ndugu wanaanza kuulizana nani atafika siku gani na atalala wapi. Wenye nyumba hujikuta wana furaha ambayo kila mgeni anataka kuipakata, na huzuni ambayo hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuitaja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Shauri langu ni kwamba siku nzima ifuate ratiba ya mtoto, kumbukumbu ya babu ipewe saa yake maalumu, na mtoto asitwishwe kazi ya kuwafuta watu machozi.

Anzeni na mtoto, maana yeye hasubiri

Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku, usiku na mchana, na hulala jumla ya saa 14 hadi 17 zilizokatikakatika. Ukizipanga tarakimu hizo kwenye karatasi utaona kwamba mara nyingi mama hapati hata saa 2 mfululizo za kukaa na wageni bila kuitwa. Kwa hiyo kabla hamjamwalika mtu yeyote, wazazi wawili wakae na kukubaliana ni siku zipi za kupokea wageni, wageni wakae kwa muda gani, na ni nani atakayelala hapo nyumbani. Wakishakubaliana, mmoja tu awe msemaji, naye asiwe mama aliyejifungua. Ndugu wa upande wa baba wajibiwe na baba, na wa upande wa mama wajibiwe na ndugu wa mama ambaye hawezi kutikiswa kwa maneno matamu.

Ujumbe wenyewe uandikwe mapema na uwe na heshima, lakini usiache mwanya wa majadiliano. Mnaweza kuandika hivi: «Shikamooni wazee wetu, na salamu kwa ndugu wote. Tunafurahi kuwapokea siku ya pili ya sikukuu, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mtoto bado ni mdogo mno, hivyo tunaomba mwenye mafua, kikohozi au homa atusubiri hadi apone, na kila mmoja anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumpakata.» Wapo watakaonuna. Katika familia nyingi hununa kwa siku mbili, kisha huja kwa saa ile ile waliyopangiwa.

Sharti la kutombusu mtoto usoni ndilo gumu kuliko yote, na ndilo nisilokubali lilegezwe. Mtu mzima mwenye vidonda vidogo vya malengelenge mdomoni anaweza kumwambukiza mtoto mchanga virusi ambavyo kwake yeye ni kero ya wiki moja, lakini kwa mtoto wa siku chache vinaweza kuwa hatari ya uhai. Kifaduro nacho huanza kwa mtu mzima kama kikohozi cha kawaida tu, ilhali mtoto hupata chanjo yake ya kwanza akiwa na umri wa wiki 6 hivi na huchukua miezi kadhaa kabla ya kupata kinga ya kutosha. Anayetaka kumbusu aelekezwe kwenye miguu. Mvutaji wa sigara avutie nje kabisa, abadilishe shati la juu na anawe kabla ya kumchukua.

Nyumba ikijaa watu, swali la mtoto atalala wapi huonekana dogo hadi usiku wa manane. Alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, pasipo mto wala blanketi zito wala midoli, na kitanda chake kiwe chumba kimoja na wazazi. Mgeni akichukua kitanda na wazazi wakahamia sebuleni, hatari kubwa ni mzazi aliyechoka kupitiwa na usingizi kwenye kochi huku amempakata mtoto. Hapo ndipo mtoto huweza kubanwa akakosa hewa. Bora mgeni alale kwenye kochi, hata akiwa mkubwa kwa umri, kuliko kuwahamisha wazazi wa mtoto mchanga. Jambo hilo lielezwe kwa upole na mtu anayeheshimiwa.

Wageni wenye uzoefu wa kulea huja pia na ushauri wa kumwonjesha mtoto hiki na kile. Jibu ni fupi: hadi afikishe miezi 6 mtoto anatosheka kwa maziwa, hahitaji maji hata wakati wa joto, na asali haifai kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1 kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli. Mwekeni mbali na mikono yenye nia njema. Na kama joto la mwili wake likifika nyuzi 38 naye hajatimiza miezi 3, msingoje sikukuu iishe wala msimpe dawa ya kubahatisha. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Ulizeni mapema ni kituo gani kitakuwa wazi siku za mapumziko.

Ikiwa ninyi ndio mnaosafiri, gawanyeni safari. Katika gari, mtoto akae kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, na atolewe kunyooshwa na kunyonyeshwa angalau kila baada ya saa 2.

Mama aliyefiwa

Wakati mwingine marehemu ni baba mzazi wa mama aliyejifungua, na hili hubadilisha mambo mengi. Huzuni na uchovu vinaweza kuchelewesha maziwa kushuka mtoto anapoanza kunyonya, lakini havikaushi maziwa yenyewe. Kumwambia mfiwa kwamba kilio chake kitamnyima mtoto chakula ni kumwongezea mzigo wa uongo. Akitaka kulia, alie, na mtu mwingine amcheulishe mtoto.

Hata hivyo, ndugu wa karibu wawe macho. Katika siku za kwanza baada ya kujifungua ni kawaida mama kulialia na kubadilika hisia, na hali hiyo aghalabu hutulia ndani ya wiki 2. Ikiendelea kupita hapo, akawa halali hata mtoto anapolala, hana hamu ya lolote, au anasema familia ingekuwa afadhali bila yeye, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, ambayo inatibika. Katika nyumba yenye msiba dalili hizi hupita bila kuonwa kwa sababu kila mtu husema «ni huzuni ya baba yake tu.» Huenda ni kweli, lakini anayepaswa kusema hivyo ni mhudumu wa afya baada ya kumwona, si shangazi.

Saa ya babu

Familia nyingi hukosea kwa njia mbili: ama humtaja babu kila dakika hadi sikukuu inageuka matanga mapya, ama hawamtaji kabisa hadi mtu mmoja anaangua kilio akiwa jikoni peke yake. Kumtengea saa maalumu husaidia, kwa sababu kila mtu anajua itafika na itakwisha.

Kwanza mwendeeni bibi. Yeye ndiye mfiwa mkuu, na hakuna linalofanywa hadharani kwa jina la mumewe kabla hajaulizwa faraghani. Muulizeni kama angependa jambo hilo lifanyike, nani azungumze, na kama kuna picha asiyopenda itolewe. Wapo mabibi wanaotaka kusimulia wenyewe kwa kirefu na wapo wanaotaka kusikiliza tu huku wamempakata mjukuu. Asishtukizwe kwa kuwekewa sauti ya marehemu mbele ya watu; nimeona jambo hilo likifanywa kwa mapenzi tele, na bibi akaondoka sebuleni asirudi hadi wageni walipokwenda zao.

Chagueni asubuhi. Watoto wengi wachanga hulia zaidi jioni, na kilio hicho huongezeka hadi kufikia kilele karibu na wiki ya 6 ya maisha yao kabla ya kupungua taratibu kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mkipanga kumkumbuka babu baada ya giza kuingia, mtamkumbuka kwa kupokezana kumbembeleza mtoto. Dakika 30 mara baada ya mtoto kunyonya zinatosha, watu wakiwa wameshakula na watoto wakubwa wakiwa hawajaanza kusinzia.

Ubora wa mazungumzo hayo hutegemea maswali. Ukimwambia mtu «tuambie kuhusu babu,» atajibu kwamba alikuwa mtu mwema aliyependa watu, na hapo simulizi imekwisha, kwa kuwa maneno hayo husemwa kwenye kila mazishi. Ulizeni jambo linaloweza kuonekana kwa macho. Alipoamka alikuwa akifanya nini kabla ya kuzungumza na mtu? Alikuwa akikaa wapi hasa, na nani alithubutu kukaa hapo asipokuwepo? Neno gani alilitamka kwa namna yake mwenyewe? Alikuwa akikasirishwa na nini, na ilijulikanaje kwamba hasira imekwisha? Kazi ipi aliifanya vibaya lakini hakukubali kufundishwa? Babu yangu alikuwa akitengeneza saa za watu, nyingi zikirudi zikiwa mbovu kuliko zilivyokuja; hadithi hiyo ndiyo inayowafanya wajukuu wamfahamu, ingawa kwenye mazishi hakuna aliyeitaja. Ruhusuni kicheko. Ruhusuni pia mtoto wake mmoja akae kimya, maana si kila mtu alilelewa na babu yule yule ambaye wengine wanamsifu.

Wekeni simu mezani inase sauti, na kila anayeanza kuzungumza aseme jina lake na alivyohusiana na marehemu. Baada ya miaka ishirini sauti za mashangazi wawili hazitatofautishwa na mtu ambaye leo ana wiki tano.

Vitu vya kumtunzia mjukuu

Mjukuu hatakumbuka chochote cha sikukuu hii. Kumbukumbu za kwanza ambazo watu wazima hubaki nazo kwa kawaida huanzia umri wa miaka 3 hivi. Isitoshe, katika wiki za kwanza haoni vizuri zaidi ya sentimita 20 hadi 30, yaani umbali wa uso wa anayempakata, kwa hiyo kumsimamisha mbele ya picha ya ukutani ni faraja ya wakubwa. Si vibaya, mradi mjue mnamfanyia nani. Anachokihitaji yeye ni vitu vitakavyokuwepo atakapoanza kuuliza.

Sauti ndiyo huanza kupotea. Laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, na simu zenyewe hupasuka na kuibwa. Tumieni siku hizi ndugu wakiwa pamoja kukusanya kila ujumbe wa sauti wa babu ulio kwenye simu zao, hata ule wa kuuliza kama umefika salama, na uhamishwe ukahifadhiwe nje ya programu ya mawasiliano. Wekeni nakala angalau tatu, moja ikiwa kwenye nyumba nyingine.

Picha za karatasi zipigwe nakala kwa mashine ya skana kwa ukali wa nukta 300 kwa inchi, na zile ndogo kwa nukta 600. Asiyekuwa na skana azipige kwa simu karibu na dirisha, bila taa ya kamera, picha ikiwa imelala bapa. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli laini. Kalamu ya wino huchimba karatasi na wino wake huweza kupenya hadi upande wa pili. Msizibandike kwenye albamu zenye kurasa za gundi, wala msizipige plastiki. Bibi akiwepo ndio wakati wa kuuliza yule kijana aliyesimama pembeni ni nani, maana mara nyingi hakuna mwingine aliyebaki anayemjua.

Nguo moja ya babu inatosha. Ifuliwe na kukauka kabisa, ifungwe kwa kitambaa cha pamba, isitiwe kwenye mfuko wa plastiki unaohifadhi unyevu.

Maneno ya kuchunga

Ikiwa mtoto amepewa jina la babu, watu watasema kwamba babu amerudi. Ni maneno ya mapenzi na siwashauri wazazi wagombane nayo sikukuu nzima. Lakini wao wenyewe wampe mtoto jina la kumwita kila siku, ili bibi anaposikia jina la mumewe likiitwa kwa sauti kutoka chumba cha pili, asishtuke kila mara.

Watoto wakubwa waelezwe kwa neno lenyewe: babu amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, na hatarudi. Mtoto wa chini ya miaka 5 aghalabu hudhani kifo ni safari, na ataulizia tena kesho kutwa. Ajibiwe vile vile bila kukaripiwa. Asiambiwe kwamba babu amelala, hasa katika nyumba ambamo watu wanamwimbia ndugu yake mchanga ili alale.

Wageni wakishaondoka, fungueni ile rekodi mara moja tu ili kuhakikisha kwamba imenasa, mwipe jina lenye tarehe, na mmtumie bibi nakala yake. Mtasikia kwamba katikati ya hadithi mtoto aliamka akaanza kulia na bibi akanyamaza kumngoja. Sehemu hiyo msiikate.