SOMO: Jinsi ya kurekodi somo fupi la sauti au video kwa wanafunzi wako

Walimu wenzangu, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha, watu walijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Podikasti na video zetu zinahitaji hilohilo: msikilizaji apewe kazi ya kufanya.

Hatua ya 1. Chagua swali moja, si mada nzima. Mfano wa Baiolojia: kwa nini kipande cha kiazi kikilowekwa kwenye maji ya chumvi kinalegea?

Hatua ya 2. Amua: sauti au video? Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde haifikishi megabaiti 3 kwa dakika sita. Video hula zaidi ya hapo mara nyingi, na bando analipa mzazi. Video iwe kwa kinachobadilika mbele ya macho tu. Kwa kiazi, piga sekunde chache mwanzoni, kikiwa kigumu, na nyingine baada ya saa kadhaa, ukikipinda kwa vidole.

Hatua ya 3. Andika utakachosema. Hapa msiharakishe, maana ndipo somo linapopona au kufa. Anza na swali lenyewe. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyesoma msingi kwa Kiswahili mweleze kwanza kwa Kiswahili, halafu tamka istilahi ya Kiingereza polepole, mara mbili, kama atakavyoikuta kwenye mtihani. Kila baada ya dakika mbili mwambie: "Simamisha hapa. Andika unachodhani kitatokea." Nyamaza kidogo ndipo uendelee. Bila vituo hivyo atasikiliza mpaka mwisho na asibaki na kitu.

Hatua ya 4. Rekodi kwenye chumba chenye godoro na mapazia, mwangwi utapungua. Simu ikae pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi isigonge kipaza sauti. Weka simu kwenye hali ya ndegeni (airplane mode) usije ukapigiwa katikati. Kwa kukata makosa, programu ya kompyuta iitwayo Audacity ni ya bure.

Hatua ya 5. Tuma, kisha anza kipindi kinachofuata kwa majibu yao. Ukiyapuuza, rekodi ya pili hawataisikiliza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shule yetu ni ya kijijini, wanafunzi hawana simu. Tufanyeje?*
Tumia spika ya kuchaji na memori kadi, msikilize pamoja darasani. Kwenye kituo, simamisha wewe mwenyewe na uwape dakika ya kujadiliana wawili wawili. Naona njia hii inashinda hata ya kila mtu na simu yake.

*Mimi nafundisha msingi. Ubongo Kids, ile katuni ya elimu ya kwenye TV, inafaa au lazima nirekodi?*
Inafaa sana, imetengenezwa hapahapa Tanzania tangu 2014 kwa watoto wa umri huo. Ila itazame yote kwanza, uchague kipande kinachogusa somo la siku hiyo, na uandae swali la kuwauliza.

*Nina mwanafunzi kiziwi, je?*
Yale maandishi ya hatua ya 3 mchapishie, vituo vyote vikiwemo. Kwenye video weka maneno chini ya picha. Na kama shule ina mwalimu wa lugha ya alama, mwombe arekodi nawe, asimame penye mwanga, mikono na uso vionekane.