Dubai kwenda Guangzhou: usidanganywe na saa za kwenye tiketi
Wale wa kufata mzigo China mnaopitia Dubai, umbali ni kama kilomita 5,800 na ndege ya moja kwa moja inakula masaa 7 na kitu hivi, ila tiketi inaandika saa za kila mji na China wako mbele ya Dubai masaa 4, so ukiruka saa 4 asubuhi unatua kama saa 3 na nusu usiku, maduka yashafungwa zamani, siku ndo imeenda hivyo. Bora ruka usiku ulale humohumo ufike asubuhi. Kurudi inachelewa zaidi, masaa 8 na ushee, upepo wa juu unakuja usoni (usimlaumu rubani jamani).