Biti Ikilia, Usikimbilie Chupa ya Oili

Vijana wanaoanza na mashine ndogo za kuchonga maandishi huja hapa karakana yetu Majengo na swali moja: "Fundi, nitumie oili gani?" Mkononi kila mmoja ana kibao cha alumini chenye kingo zilizochanika na biti, ile ncha ya kuchongea, iliyovunjika. Ninamjibu, "Mwanangu, nionyeshe maranda kwanza."

Maranda hayadanganyi. Yaokote mezani uyasugue kwa vidole. Alumini inayokatwa sawa hutoa vipande vyenye umbo, vimejikunja kidogo, ukivibana unavihisi vinachoma. Ukipata unga wa kijivu, biti haikati, inasugua. Ukipata madonge yaliyogandamana, joto limezidi. Kisha chukua lenzi uangalie biti yenyewe. Mara nyingi utaona kipande cheupe kinachong'aa kimeng'ang'ania makali. Hiyo ni alumini iliyojibandika pale kwa joto, na ikishakaa, makali hayagusi kibao tena. Umwage oili kiasi gani, haitasaidia. Badilisha biti, halafu utafute chanzo cha joto.

Chanzo mara nyingi ni mwendo, yaani kasi ya biti kusogea juu ya kibao. Hesabu yake ni nyepesi: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya biti, mara unene wa randa unaoutaka. Biti ya milimita 3 yenye jino moja, ikizunguka mara 18,000 na kung'oa milimita 0.03 kila mzunguko, inahitaji kusogea milimita 540 kwa dakika. Sasa fundi mgeni anaogopa kuvunja biti, anateremsha mwendo hadi milimita 150 kwa dakika na mizunguko anaiacha vile vile. Kila mzunguko unabaki na milimita 0.008 tu. Jino halizami, linateleza juu ya chuma na kupika kila kitu. Kama unaogopa, punguza kina, uchonge milimita 0.2 kila pito, lakini mwendo uache jino liume. Au teremsha mizunguko na mwendo pamoja.

Hayo yakikaa sawa, ndipo tuzungumze oili, na kila mali ya kuchonga ina yake. Alumini inapenda kulowanishwa, kwa sababu ndiyo inayojibandika. Mafuta ya taa yanaizuia vizuri sana na mafundi wengi wanayatumia, ila mvuke wake unashika moto, na mota ya burashi hutoa cheche. Kibanda chetu cha mabati kina joto la kutosha tayari, kwa hiyo mimi nayakataza. Brasi ya kuchongea huwa haihitaji kitu, inakatika kavu na kumwaga punje ndogo. Ipe upepo tu wa kuondoa takataka. Stenlesi ni ngumu ya kichwa: biti ikisugua hapo bila kukata, uso unazidi kuwa mgumu na pito linalofuata linaua ncha. Ipe oili nzito, mizunguko michache, na usiruhusu biti isimame mahali pamoja. Akriliki, ile plastiki ngumu, usiiguse kwa spiriti kabisa, maana hupasuka nyufa ndogo ndogo, pengine siku ya pili, mteja akiwa ameshaondoka nayo. Upepo unaitosha.

Elekeza pua ya bomba pale ncha inapoingia kwenye mali. Nimeona wengi wameielekeza kwenye koleti, kile kishikio cha biti, oili inatawanywa na mzunguko kabla haijafika chini. Tena, biti za kabaidi, zile ngumu sana, hazipendi kunyunyiziwa mara moja moja zikiwa moto. Baridi ya ghafla huzitia nyufa. Ama mfululizo, ama kavu.

Maji ya hapa kwetu yana sura yake. Tuko kisiwani, visima vingi vina chumvi, na oili ya kuchanganya na maji haipatani nayo. Mchanganyiko mzuri ni mweupe kama tui na haujitengi. Ukiona mafuta yamepanda juu na maji yamebaki chini, lawama ni ya maji. Tumia ya mvua yaliyochujwa au yale safi ya kuongezea betri, si asidi. Tia oili ndani ya maji, usigeuze: lita 1 kwa maji lita 19 unapata asilimia 5. Kwa joto hili maji huruka na oili hubaki, kwa hiyo unapoongeza, ongeza mchanganyiko mwepesi zaidi. Tangi likinuka Jumatatu, angalia juu: mafuta yanayodondoka kutoka reli ambazo mashine hutelezea yameelea, yameziba hewa, na vijidudu vimeota chini yake. Yafute kwa kitambaa kila jioni.

Kuna makosa mawili ambayo oili husingiziwa bure. La kwanza, herufi nene upande mmoja wa kibao na nyembamba upande wa pili. Kwa biti yenye ncha iliyochongoka kwa pembe ya nyuzi 60, kibao kikiinuka milimita 0.2 tu, mstari unapanuka kama milimita 0.23. Sawazisha meza, ubane kibao vizuri.

La pili ni herufi O isiyokuwa duara. Chonga duara la milimita 20, ulitazame kwenye jua. Ukiona vidato pande nne, pale mashine inapogeuza mwelekeo, kuna ulegevu kwenye skrubu inayoisogeza au reli zimekauka. Ile dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu haifai hapo. Inaosha grisi na kuacha chuma wazi, na hewa yetu ya bahari haichelewi kukishika. Safisha reli, tia oili au grisi iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Kama oili inapelekwa kwa pampu ya mkono, chomoa mpira upande wa mwisho na upige pampu. Mpira usiotoa tone umeziba, hata kama kopo limejaa.

Kibao kikitoka, kisafishe oili yote kabla ya kujaza rangi kwenye herufi. Chuma kioshe kwa spiriti, akriliki kwa maji na sabuni kidogo, kisha kikauke kabisa. Rangi iliyowekwa juu ya mafuta hubanduka.