Maji ya Waridi ya Kupulizia Usoni: Namna ya Kuyatengeneza Nyumbani

Maji matupu hayalainishi ngozi. Ukijipulizia uso kwenye ofisi yenye kiyoyozi, au Dodoma upepo mkavu unapovuma, utaburudika dakika chache tu, kisha maji yatakauka na uso utabana kuliko mwanzo. Kwa hiyo ndani ya chupa lazima kiwemo kitu cha kuyashika maji, na baada ya kupulizia lazima upake kitu cha kuyafunika. Cha kuyashika ni gliserini. Cha kuyafunika ni losheni au mafuta yako ya kila siku. Waridi ni kwa ajili ya harufu na raha, nayo si haba.

Kwa chupa ya mililita 100:

maji ya waridi, mililita 60
maji safi, mililita 37
gliserini, mililita 3

Gliserini ipime kwa bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe; lipo famasi yoyote na bei yake ni ndogo. Vijiko vya nyumbani havilingani, na hapa hata mililita 2 zikizidi utazihisi usoni. Pwani, Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, mililita 2 zinatosha. Njombe au Nairobi kwenye baridi ya Juni na Julai unaweza kufika 5. Ile kanuni ya mtaani ya gliserini nusu kwa nusu na maji ya waridi ndiyo inayofanya watu waseme gliserini haiwafai: uso unanata na kila vumbi linalopita linagandia hapo.

Maji safi ni ya kunywa ya chupa, au ya bomba yaliyochemshwa dakika 5 yakapoa ndani ya chombo kilichofunikwa. Maji ya kisima cha pwani yaache, chumvi yake huziba tundu la kupulizia. Na usithubutu kununua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta kwa kuambiwa ni maji safi yasiyo na madini. Tindikali ya betri nayo huuzwa hapohapo, na madumu yake yanaweza kufanana.

Maji ya waridi ya dukani yanafaa ikiwa kwenye lebo kuna maji na waridi tu. Yakiwa na rangi ya waridi yametiwa rangi, kwa sababu yaliyotokana na mvuke huwa meupe kama maji ya kawaida. Yenye spiriti au manukato yaliyoongezwa ni ya nguo, si ya uso.

Ukiwa na miwaridi uani, jikamulie mwenyewe. Chuma asubuhi, kabla jua halijakausha harufu, upate kama gramu 200 za petali. Maua ya kununua, yale ya mashada, usiyatumie: hupigwa dawa za wadudu na za ukungu. Weka jiwe safi katikati ya sufuria la lita 5, zungushia petali, mimina maji lita 1. Jiwe libaki limechomoza. Juu ya jiwe weka bakuli la chuma. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kikiangalia ndani ya bakuli, na kama una tundu la mvuke lizibe kwa donge la unga. Kwenye mfuniko weka mfuko wa plastiki wenye barafu, ili ikiyeyuka ubadilishe mfuko bila kumwaga maji.

Moto uwe mdogo, maji yatokote polepole. Mvuke ukigusa ubaridi wa mfuniko hugeuka matone, yakateremka hadi kwenye kishikio na kudondoka katika bakuli, tone baada ya tone. Bakuli likifikia mililita 250, zima moto. Ya mwanzo ndiyo yenye harufu. Ukiendelea unayazimua tu. Na usiache sufuria likauke, petali zikiungua harufu ya moshi inaingia kwenye maji na haitoki tena. Ziada igandishe kwenye trei ya barafu, uwe unayeyusha vipande kila unapotengeneza chupa mpya.

Wapo wanaochemsha petali na kuchuja maji yake. Yanapendeza kwa rangi, lakini yamebeba utomvu wa maua. Huharibika ndani ya siku mbili tatu na hutia doa kwenye kola.

Chupa ioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kisha tia spiriti ya asilimia 70 na uibonyeze mara kadhaa ipite hadi kwenye mrija, halafu iache ikauke kabisa. Chupa iliyowahi kubeba dawa ya mbu au jiki haina msamaha. Mrashi nao uache kwa wageni wa harusini: matone yake ni makubwa na shingo yake haisafishiki vizuri. Tia gliserini kwanza, kisha maji kidogo, tikisa, ndipo umalizie maji yaliyobaki. Ukianza na maji, gliserini huzama na kutulia chini kwa kuwa ni nzito.

Limau usitie. Lina ukali mwingi, na maji yake yakikutana na jua usoni yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi. Mafuta ya karafuu au ya mchaichai hayachanganyiki na maji. Hujitenga, kisha siku moja pulizo zima linatoka mafuta matupu na uso unawaka. Mshubiri mbichi unaziba tundu, na utomvu wake wa manjano unawasha.

Mchanganyiko huu hauna kihifadhi, na vitamini E si kihifadhi. Inazuia mafuta yasichache, bakteria haiwagusi. Weka kwenye friji na umwage baada ya siku 7, hata kama bado unanukia vizuri. Ukiona ukungu, nyuzinyuzi au utelezi shingoni mwa chupa, usisubiri siku hizo. Bila friji, tengeneza mililita 20 za asubuhi na jioni ya siku hiyohiyo.

Mara ya kwanza jaribu nyuma ya sikio na usubiri saa 24. Kisha nawa uso, fumba macho, pulizia mara tatu au nne kwa umbali wa rula moja, na upake losheni kabla uso haujakauka. Mafuta ya kukinga jua yanakuja mwisho. Ukipulizia juu yake unayatibua.