Kabla Hujaitoboa Laptopu Yako: Mambo ya Kuzingatia kwa Tunaoishi Mombasa

Kaskazi ikianza, Desemba hadi Machi, malalamiko ni yale yale: laptopu yawaka moto, laptopu yazima yenyewe. Chumba cha Majengo chenye mabati juu na dirisha moja chaweza kufika nyuzi 32 saa nane mchana, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayovutwa na feni kwenda kupoza prosesa, ubongo wa mashine. Sishangai basi vijana wakiiga video za mtandaoni, wakachukua keekee na kuanza kutoboa kifuniko cha chini ili hewa iingie. Toboa ukitaka, mashine ni yako. Lakini zile video mnazoiga zimetengenezwa na watu wanaokaa vyumba vikavu, mbali na bahari, na yako mambo wao hawana haja ya kuyawaza.

Pima kwanza. Weka HWiNFO, programu ya bure ya kuonyesha joto, uandike joto la prosesa mashine ikiwa imetulia na ikiwa kazini. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguza kasi zenyewe zikifika kati ya nyuzi 95 na 100. Hapo ndipo kila kitu huanza kukwama. Angalia pia joto linavyopanda. Likiruka hadi huko sekunde chache tu baada ya kazi kuanza, huenda pesti, ule uji unaopakwa juu ya prosesa, imekauka, au shaba inayobeba joto lake haiigusi sawasawa, na hilo haliponi kwa matundu hata ukitoboa mia. Likipanda polepole kwa dakika nyingi, tazama upande wa hewa. Upime chumba kile kile, saa zile zile. Ukipima leo mchana kisha kesho usiku chini ya AC, umejidanganya mwenyewe.

Safisha kabla hujabadilisha chochote. Kati ya feni na mapezi ya shaba hujikusanya tabaka la vumbi na nyuzi za nguo, na mara nyingi hutoka kipande kizima ukilivuta kwa kibano. Ukikaa Changamwe malori yanakopita usiku na mchana, hilo peke yake laweza kuwa ndilo tatizo lote. Ukipuliza kwa blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, beringi itaharibika.

Betri ichomoe kwenye bodi, ule ubao unaobeba vipande vyote vya umeme. Kuzima mashine hakutoshi. Skrubu zipige picha na uzipange zilivyotoka, kwani ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kuharibu bodi. Za huku pwani hushika kutu, kwa hiyo tumia bisibisi ya saizi yake na ukandamize ndipo uzungushe.

Pesti kidogo yatosha. Ya zamani ifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, si spiriti ya vidonda, ambayo ina maji mengi. Ile metali ya majimaji yenye galiamu achana nayo: yapitisha umeme na yala aluminiamu. Pedi za joto, vile vipande laini vinavyopeleka joto la vipande vingine kwenye shaba, nazo uzipime unene kabla ya kununua nyingine. Ukiweka ya milimita 1.5 mahali pa milimita 1, shaba huinuka, haiigusi prosesa tena, na wewe utabaki ukimlaumu aliyekuuzia pesti.

Haya, matundu. Kabla ya keekee, toa kifuniko cha chini, inua mashine kwa vifuniko vya soda kwenye pembe nne, uiendeshe hivyo hivyo. Joto likishuka nyuzi mbili tu, rudisha kifuniko na usahau habari hiyo. Ziko mashine ambazo joto hupanda, kwa sababu kifuniko ndicho kinachoiongoza hewa ipite juu ya vipande vingine kabla ya kufika kwenye feni. Likishuka vya kutosha, toboa kifuniko kikiwa mbali kabisa na bodi, chini ya feni tu, kisha kioshe, kikauke, na ubandike wavu laini kwa ndani. Chembe moja ya chuma ikiangukia bodi yatosha kukuunguzia.

Ila kubwa kuliko yote ni hili: Mombasa poza kwa upepo, usipoze kwa baridi.

Yuko kijana mtaani, kazi yake kuhariri video za harusi. Alinunua peltia, kile kigae cheupe cha sentimita 4 kwa 4 ambacho ukikipa umeme wa volti 12, upande mmoja wapoa na wa pili wachemka. Akakata kifuniko, akaukaza upande wa baridi kwenye bomba la shaba, na upande wa moto akaupa kipozaji na feni ya kompyuta ya mezani, vyote vikila umeme wa pembeni. Laptopu yenyewe akaisimamisha wima, akawa anatumia skrini ya nje. Joto lilishuka kweli, akaja kunionyesha kwa furaha. Nikamwuliza, "Na laptopu ikitulia, hicho chazimika?" Akacheka. "Kaka, kikizimika kitapoza vipi?"

Ikaja misururu ya harusi za kabla ya Ramadhani. Usiku mmoja akaiacha mashine ikikamilisha video aliyoihariri, akalala. Kazi ikamalizika katikati ya usiku, prosesa ikatulia, na joto la kuondolewa halikuwepo tena. Peltia haina habari. Iliendelea kuifyonza shaba ambayo tayari imepoa. Sasa piga hesabu: hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, usiku wa kawaida kabisa hapa, kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 24 huanza kutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Asubuhi haikuwaka. Tulipoifungua, bomba lote lilikuwa limejaa matone, na mchirizi mmoja ulikuwa umeteremka juu ya bodi hadi kwenye tundu la chaji. Maji yale yangekuwa safi, pengine tungeyakausha yakaisha. Lakini bodi ya Mombasa ina chumvi ya upepo wa bahari, na maji yenye chumvi ni waya. Miguu ya vipande vya pale ilikuwa imeshika ukijani, na mmoja ulikatika nilipougusa kwa brashi. Video ya bibi harusi ilipona kwa kuwa tuliichomoa SSD, yaani diski inayohifadhi kazi, tukaitia kwenye mashine nyingine. Shangazi mtu alishapiga simu kuulizia kabla hata ya saa tatu.

Pakiti za barafu chini ya laptopu ni yale yale. AC ya chumba haina neno, maana yenyewe huikausha hewa inapoipoza. Tahadhari ni pale unapotoka nayo. Laptopu iliyoshinda ofisini kwenye baridi, ukiitoa nje kwenye joto, iache ndani ya mkoba ipate joto kwanza ndipo uiwashe.

Mengine mnayajua. Kama ina dhamana, soma masharti kabla ya kugusa skrubu. Nakili kazi zako kwanza, zote, nje ya mashine. Ukimaliza, rudia vile vipimo vya mwanzo, na baada ya miezi michache fungua tena uangalie wavu na skrubu, hasa mnaokaa Mji wa Kale karibu na maji. Usianze kazi hii stima ikiwa inayumba. Usiianze usiku na usingizi machoni. Na sharubati, chai na watoto viwe mbali na meza.